Namna ya Kufuatilia Historia ya Soko la Kale la Nyama la Haarlem Ukiwa Nairobi

Ukitaka kuandika historia ya jumba la kale la soko katika mji wa Uholanzi, huhitaji viza ili uanze. Sehemu kubwa ya kumbukumbu imekwisha kuwekwa kwenye intaneti bila malipo, na kazi iliyobaki ni kujua utafute nini, kwa mpangilio gani, na jinsi ya kupima unachokipata. Mwongozo huu unatumia Vleeshal, yaani jumba la nyama lililoko kwenye uwanja wa Grote Markt mjini Haarlem, takriban kilomita 20 magharibi mwa Amsterdam.

Swali lako la kwanza lisiwe nani alilijenga, bali ni nani aliyelazimika kuuzia humo. Wanafunzi wengi wa usanifu majengo huanza na jina la msanifu na urembo wa paa, kisha hujikuta na kurasa tatu za sifa ambazo hazielezi kwa nini jengo lilihitajika. Katika miji ya Uholanzi ya karne ya 16 na ya 17, nyama ilikusanywa chini ya paa moja kwa sababu mbili zilizo wazi: watawala wa mji waliweza kuikagua kabla haijamdhuru mlaji, na waliweza kuitoza ushuru bila kumsaka kila mchinjaji uchochoroni. Kwa hiyo kilicholipatia jumba la aina hii uhai wake ni amri za mji na kanuni za chama cha wachinjaji. Mjini Haarlem, nyama mbichi iliuzwa katika Vleeshal hadi 1840. Weka mwaka huo kando ya mwaka 1798, ambapo katiba mpya ya Uholanzi ilifuta vyama vya mafundi, nawe utaona pengo la zaidi ya miaka 40 ambalo linastahili sura nzima ya maandishi yako: chama kimekwisha kufutwa kisheria, lakini biashara bado imo ndani ya jumba lilelile.

Ikiwa njia hii ni ngeni kwako, ifanyie mazoezi hapa nyumbani kabla ya kuhangaika na Kiholanzi. Chukua City Market, iliyo kati ya barabara za Muindi Mbingu na Koinange, ambamo mabucha, maua na vinyago vinauzwa hadi leo. Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo lilianza kuchapishwa mwaka 1899, lina sheria ndogo za masoko. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na iliyo mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, ina magazeti ya enzi za ukoloni. Na Makavazi ya Kitaifa yaliyoko Moi Avenue yana majalada ya utawala. Anayeweza kutofautisha sheria ndogo, habari ya gazeti na barua ya afisa kuhusu soko moja la Nairobi hatababaishwa na hati za Haarlem, kwa kuwa aina za ushahidi ni zilezile.

Sasa rudi kwenye mazingira yaliyolizaa jengo. Haarlem ilizingirwa na majeshi ya Uhispania kuanzia Desemba 1572 hadi Julai 1573, kisha moto mkubwa wa 1576 ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Baada ya Antwerp kuanguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wakimbizi kutoka kusini, yaani Ubelgiji ya leo, waliingia kwa wingi pamoja na ufundi wao wa nguo, na idadi ya walaji ikaongezeka. Lieven de Key, fundi mawe wa mji aliyesanifu Vleeshal, naye alitoka kusini, mji wa Gent. Ukiyasimulia haya kwa mfuatano huo, msomaji ataelewa mwenyewe kwa nini mji uliona haja ya jumba jipya na la kifahari, na hutalazimika kumwambia. Kuhusu ujenzi, andika kwamba uliendelea kati ya 1602 na 1604. Usilazimishe mwaka mmoja, kwani uamuzi wa kujenga, kazi ya ujenzi na siku ya kwanza ya mauzo ni mambo matatu tofauti, na waandishi wengi huyachanganya.

Picha za jengo zisomwe kama hati. Ukuta wa mbele ni wa matofali yaliyokatizwa na mikanda ya mawe, ncha za paa zimepandishwa kama ngazi, na vichwa vya wanyama vilivyochongwa vinatangaza bidhaa hata kwa asiyejua kusoma. Jiulize mawe yale yalitoka wapi, kwa maana eneo la Haarlem halina machimbo na kila jiwe lilisafirishwa kutoka mbali. Jumba la wachinjaji lililojengwa kwa gharama kiasi hicho linakuambia jinsi mji ulivyojiona. Michoro ya Gerrit Berckheyde, aliyeuchora uwanja huo mara nyingi katika nusu ya pili ya karne ya 17, inafaa sana, lakini wachoraji wa wakati ule walikuwa tayari kusogeza jengo ili picha ipendeze. Ilinganishe na ramani: tovuti ya Topotijdreis ina ramani za nchi nzima tangu 1815, na rejista ya ardhi ya 1832 inaonyesha viwanja na wamiliki wake.

Magazeti ndiyo yenye utamu. Tovuti ya Delpher, inayosimamiwa na Maktaba ya Kifalme mjini The Hague, ina magazeti kuanzia 1618. Tafuta kwa tahajia zote mbili, vleeshal na vleeschhal, kwa sababu ile ya pili ndiyo iliyokuwa ya kawaida hadi mageuzi ya tahajia ya karne ya 20. Atakayetumia ya kwanza pekee atakosa karibu kila kitu cha 1840. Ongeza jina Haarlem pamoja na umbo lake la zamani, Haerlem, kwani miji mingine mingi ilikuwa na jumba la nyama. Anza na miaka ya 1835 hadi 1845, halafu ufuatilie matumizi ya jengo yaliyofuata: ghala, hifadhi ya nyaraka za serikali, na baadaye kumbi za sanaa, huku makumbusho ya akiolojia yakiwekwa chini ya ardhi.

Hati za mkono za mji wenyewe zimo Noord-Hollands Archief, hifadhi ya nyaraka iliyo papo hapo Haarlem. Mwandiko wa karne ya 17 ni mgumu hata kwa Waholanzi, na programu kama Transkribus husaidia kuusoma, ingawa majina ya watu na kiasi cha fedha lazima uyahakiki kwa jicho lako. Unapowaandikia wahudumu wa hifadhi hiyo, barua pepe ya Kiingereza inatosha. Taja nambari ya mkusanyo na ya jalada kama zilivyo kwenye orodha yao, uliza jambo moja tu kwa kila barua, na ukitaka kupiga simu kumbuka kwamba Nairobi iko mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi.