Kabla ya sindano, waache wasichana waulize

Mimi ni muuguzi wa zahanati hapa Tanzania, na chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, inapokaribia huwa naingia madarasani kuzungumza na wasichana. Ukipewa kazi hii, usianze na hotuba. Gawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike alichosikia kuhusu chanjo, bila jina. Vikusanye, visome kwa sauti, jibu kimoja kimoja.

Vingi vitauliza jambo moja: nikichanjwa, nitazaa kweli? Hapo tumia muda wako mwingi. Usikemee, maana huenda maneno hayo kayasikia kwa shangazi anayempenda na kumwamini. Mweleze kwamba chanjo haigusi kizazi wala mayai. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi vya HPV, na ndani yake hamna kirusi hai. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kinachoweza kumnyima uzazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa tiba yake mara nyingi ni mionzi au kuondolewa kizazi. Nikifika hapo darasa hunyamaza, na maswali ya maana huanza.

Mbona tunachanjwa tungali wadogo? Kwa sababu virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na kinga inatakiwa iwepo kabla. Liseme hilo kwa sauti ile ile unayoelezea malaria. Ukinong'ona, watadhani kuchanjwa ni aibu.

Mwingine atasema dada yake alichomwa mara mbili. Ni kweli: chanjo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa walio na miaka 9 hadi 14.

Wavulana wasitolewe nje. Hawachanjwi katika mpango huu, lakini uvumi na utani hupitia kwao pia, na wana dada nyumbani.

Wazazi usiwasubiri kwenye kikao cha shule tu. Mama anapoleta mtoto mchanga kliniki, muulize kama ana binti mkubwa nyumbani. Yuko pale kwa sababu anaziamini chanjo za mtoto wake, kwa hiyo mazungumzo huwa mepesi kuliko mahali pengine popote.

Siku yenyewe, hakikisha wamekula. Wachome wakiwa wameketi, nyuma ya pazia, kisha wakae dakika 15. Wapo wanaoishiwa nguvu kwa hofu ya sindano, na mmoja akianguka mbele ya foleni, wenzake watakimbia.

Kabla hujaondoka, kaa na mwalimu mpitie rejista. Waliokosa, hasa wanaokaribia kutimiza miaka 15, andika majina yao na uwatumie ujumbe nyumbani waje zahanati. Ni bure.