Somo: Hesabu za dozi na dripu kwa wanaojiandaa na VTNE

VTNE ndio mtihani ambao majimbo mengi ya Marekani hudai kabla ya kumpa leseni teknisheni wa tiba ya wanyama. Maswali ni 170 kwa saa 3, yaani kama sekunde 63 kwa swali. Yanayohesabiwa ni 150. Yale 20 ni ya majaribio na huwezi kuyatambua, kwa hiyo jibu yote. Hesabu zake ni za shule ya msingi. Watu huanguka kwenye vipimo (kilo, mg, ml).

Hatua ya 1: uzito. Mizani ya Kimarekani husoma paundi, dozi huandikwa kwa kilo. Gawanya kwa 2.2. Mbwa wa paundi 44 ana kilo 20. Ukizidisha utapata 96.8, na usishangae ukikuta jibu la kosa hilo limo kwenye machaguo.

Hatua ya 2: miligramu, ndipo mililita. Kaprofeni (dawa ya maumivu), mg 4.4 kwa kilo: 4.4 × 20 = mg 88. Chupa ina mg 50 kwa kila ml, basi 88 ÷ 50 = ml 1.76. Andika kipimo kando ya kila namba. Mg zikikatana na mg ukabaki na ml, umepita njia sahihi. Ukibaki na kitu kingine, uligawanya kinyume.

Hatua ya 3: asilimia. Hapa ndipo pa kukaa sana. Asilimia 1 ni gramu 1 ndani ya ml 100, yaani mg 10 kwa ml. Kwa hiyo asilimia zidisha kwa 10. Lidokaini (dawa ya ganzi) ya 2% ina mg 20 kwa ml. Mbwa yuleyule akihitaji mg 2 kwa kilo kwenye mshipa, ni mg 40, sawa na ml 2. Aliyeisoma 2% kama mg 2 kwa ml atavuta ml 20, mara kumi ya dozi. Jibu likikudai bomba la sindano kubwa kuliko mgonjwa anavyostahili, rudi mwanzo.

Hatua ya 4: dripu. Maji ml 60 kwa kilo kwa siku × kilo 20 = ml 1,200; gawanya kwa 24, ni ml 50 kwa saa. Sasa soma mpira wa dripu unatoa matone mangapi kwa ml. Wa matone 15: 50 × 15 ÷ 60 = matone 12.5 kwa dakika, karibu tone moja kila sekunde 5. Wa matone 60 hauna hesabu: ml kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

Hatua ya 5: mashine ya usingizi. Mfuko wa kupumulia ni ml 60 kwa kilo, halafu panda hadi saizi inayofuata. Kilo 20 ni lita 1.2, chukua wa lita 2. Mtungi wa oksijeni wa saizi E: psi (shinikizo linalosomwa kwenye geji) × 0.3 = lita zilizobaki. Psi 1,000 ni lita 300; kwa lita 1 kwa dakika, saa 5.

Maswali ya wanachama

*Nina dekstrozi (sukari ya dripu) ya 50%, nataka lita 1 ya 5%. Naongeza ngapi?*
V ni ml za ile ya 50%: 50 × V = 5 × 1,000, V = ml 100. Lakini toa kwanza ml 100 kwenye mfuko wa lita 1 unaoongezea. Usipotoa, una gramu 50 ndani ya ml 1,100, na hiyo ni kama 4.5%.

*Fentanili (dawa kali ya maumivu) hunichanganya kila mara.*
Kwa sababu iko kwa mikrogramu: 50 kwa ml. Paka wa kilo 4 kwa mikrogramu 5 kwa kilo ni 20, yaani ml 0.4. Swali likichanganya mg na mikrogramu, geuza kwa 1,000 kabla ya kugusa kitu kingine.

*Alama ya kufaulu ni 425. Ni asilimia ngapi?*
Si asilimia. Ni kipimo cha 200 hadi 800 kilichosawazishwa kati ya matoleo ya mtihani.

*Nimesomea stashahada ya afya ya wanyama Tanzania. Nalipia mtihani tu?*
Hapana. Majimbo mengi hutaka chuo kilichoidhinishwa na AVMA, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani. Iandikie bodi ya jimbo unalotaka kufanya kazi, uliza inakubali njia gani kwa waliosoma nje, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipie.