Shokapu zikichoka: jinsi ya kupima, kuendesha na kubadili

Uzito wa gari hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kunesa baada ya tuta au shimo. Ndani yake pistoni husukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ule ugumu wa kupita ndio unaotuliza gari. Oili ikivuja au vali zikilika, springi hubaki bila wa kuizuia. Gari bado linatembea, ndiyo maana wengi huacha miezi ipite. Lakini tairi haikandamizi barabara sawasawa, na breki na staringi zote hutegemea tairi iliyokaa chini.

Anza kupima gari likiwa limesimama pahali tambarare. Kandamiza kona moja kwa nguvu mara tatu hivi, kisha achia likiwa chini. Likipanda na kutulia, kona hiyo ina nafuu. Likinesa mara mbili tatu, shokapu imekwisha. Ila usiishie hapo, kwani shokapu iliyochoka nusu hufaulu kipimo hiki bila shida. Chungulia nyuma ya tairi kwa tochi. Unyevu mwembamba karibu na sili ya juu si tatizo, lakini oili iliyotiririka hadi chini na kushika tope la vumbi ni shokapu ya kutoa. Kisha pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, mzunguko mzima. Ukihisi mabonde na vilima vinavyopishana, tairi imekuwa ikidundadunda, ingawa balansi mbovu nayo inaweza kuleta hali hiyo.

Kuhusu sauti, hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Mlio wa "ko-ko-ko" kwenye vishimo vidogo ukienda polepole, mara nyingi ni linki za stabilaiza (vijiti vinavyoshika fito ya kuzuia gari lisiegemee) au bushi (raba) za kontroli ami, mkono wa chini unaoshika gurudumu, wala si shokapu. Shika linki kwa mkono uitikise: ikicheza kwenye kichwa chake, anza nayo, ni spea ya bei ndogo. Mlio unaotoka juu ukikata staringi gari likiwa limesimama ni beringi ya maunti, yaani kishikio cha juu kinachofunga shokapu kwenye bodi. Kishindo kizito kwenye shimo refu ndicho cha shokapu inayofika mwisho wake, mara nyingi raba yake ya kuzuia ikiwa imeshakatika. Fundi asiyeyatenganisha haya atakuuzia shokapu nne, na mlio utarudi nao nyumbani.

Gari lililoinuliwa kwa kuwekewa spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya springi lipimwe kwa jicho jingine. Shokapu za kawaida kwenye gari hilo hukaa karibu na mwisho wa urefu wake, hivyo kila gurudumu linapodondokea shimoni hujivuta hadi kikomo na sili huchakaa mapema. Ukifunga mpya bila kutoa spesa, utazirudia.

Kama inabidi uendelee kutumia gari kwa siku chache, punguza mwendo hasa kwenye kona zenye makorongo, maana hapo nyuma huweza kuruka na kuhama njia. Piga breki mapema na kwa utaratibu, acha nafasi kubwa mbele yako, na shusha mizigo ya kwenye keria. Usipunguze upepo wa tairi ili gari liwe laini. Tairi itapata moto, na gari litazidi kuyumba. Usiliendeshe kabisa kama springi imekatika, rodi ya shokapu imepinda, maunti imetoboka na kusukumwa juu, au tairi inaonyesha waya.

Wakati wa kununua, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Upande mmoja mpya na mwingine mchovu hulifanya gari livute na kuegemea likifunga breki au kukata kona. Hela ikitosha mbili tu, chagua ekseli iliyofeli vibaya zaidi. Ziache shokapu za kujazwa oili na kuchomelewa: gesi iliyokuwa ndani pamoja na oili imeshatoka, oili iliyotiwa si ya kiwango chake, na sili iliyochoka ni ileile. Used nazo hatuzishauri. Toyota IST ya kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo shokapu iliyotolewa kwenye gari hilo ina raba za umri huo, hata kama imepakwa rangi ikang'aa.

Iwe ni kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na namba ya chasisi. IST za NCP60 na NCP61 huendeshwa na magurudumu ya mbele, NCP65 ni ya magurudumu manne, na usidhani za nyuma zinaingiliana. Za mbele zina kushoto na kulia kwa sababu ya vishikio vya mpira wa breki na linki. Ongeza maunti, beringi, raba ya kuzuia na kava ya vumbi, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Kabla ya kufunga, simamisha shokapu wima uisukume na kuivuta taratibu mara nne au tano, hewa itoke kwenye oili. Usishike rodi kwa koleo: mkwaruzo mdogo tu hukata sili.

Mbele, legeza nati za tairi (soketi 21 kwa Toyota nyingi) kabla ya kuinua, kisha weka stendi. Jeki peke yake haitoshi. Fungua linki na kishikio cha mpira wa breki, weka alama pale bolti mbili za chini zilipokaa kisha zifungue, fungua na nati za juu zinazoshika maunti kwenye bodi, toa shokapu na springi yake. Nati ya katikati ya maunti HAIGUSWI mpaka springi imebanwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana na imelegea kwenye vikalio vyake. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Ukirudisha, ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake kwenye kikombe cha chini.

Nyuma, kwenye IST springi imekaa peke yake. Egemeza ekseli kwa jeki kabla ya kufungua bolti, la sivyo itadondoka na kuvuta mipira ya breki. Bolti ya chini inayopita kwenye bushi ikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukiikaza likining'inia, raba hujisokota na kupasuka mapema.

Nati za tairi kaza Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza, husomwa kwenye spana ya toki), kwa mtindo wa msalaba. Peleka gari alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo kama ulifungua za mbele, na kaza tena nati zote baada ya kilomita 100 hivi. Ukisikia mlio mpya, anza na nati ya katikati ya maunti, kisha kikalio cha springi, kabla ya kuirudisha shokapu dukani.