Namna ya kutafuta mwanzo wa maneno ya ndoa mu Kingereza kama unajua Kifaransa

Wenye munasoma Kingereza hapa Bukavu, musiogope, nusu ya kazi mulishaifanya ku masomo bila kujua. Guillaume wa Normandie alishinda Uingereza mu 1066, na kisha pale Kifaransa kikakuwa lugha ya bakubwa kule, ya sheria na ya tribinali, njo maana ukikuta neno la ndoa kwanza uliweke pembeni ya Kifaransa uone kama binafanana. Marriage ni mariage, pita. Spouse ni époux, yote mbili inatoka mu Kilatini spondere, kuahidi.

Kama haifanane, mara mingi ni neno la zamani zaidi, ya ba-Anglo-Saxon (batu benye balikaa Uingereza mbele ya Guillaume) ao ya batu ya Scandinavia, sasa ulikate mbili. Husband: hus ni nyumba, na bondi ni mutu mwenye kukaa na kulima, kumbe zamani ilikuwa tu mwenye nyumba, hata kama hana bibi! Midwife hapana kusema ni bibi wa katikati, mid ilikuwa "pamoja na", wife ilikuwa mwanamuke yeyote, basi ni ule mwenye kuwa pamoja na mama akizala, sage-femme wetu wa maternite.

Yenye napenda zaidi ni bridal (ya arusi). Ni bryd na ealu, pombe ya bibi arusi, juu sikukuu yote balikuwa banaiita kwa jina la pombe, na wazee wetu wa dot (mahari), benye hawafungue kinywa mbele ya kasiye ya bia kufika, hawatashangaa hata kidogo. Na wed (kuoa) ilikuwa ahadi yenye kuwekewa garanti, ni ndugu ya gage ya Kifaransa, yenye iko ndani ya engagement.

Lakini kukata mbili inaweza kukudanganya. Bridegroom (bwana arusi) mbele ilikuwa bryd na guma, mwanaume, kisha guma ikasahauliwa batu bakaweka groom mahali pake, saa hii unaweza kufikiri ni kijana wa kuchunga farasi.

Tena angalia hadisi tamu. Banasema honeymoon (lune de miel) ni juu ya kunywa pombe ya asali mwezi muzima, lakini maandishi ya karne ya 16 inaonyesha ingine: mapendo tamu kama asali, kisha inapunguka kama mwezi. Fungua Etymonline ku simu, ni diksionere ya mwanzo wa maneno ya Kingereza, ni bure, uone mwaka neno liliandikwa mara ya kwanza. Na hata lune de miel, Kifaransa kiliikopa kwa Kingereza.