Jaza nafasi kati ya mistari ya matete

Ukipanda matete, usiache nafasi kati ya mistari ikae tupu, panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Majani yake yana protini nyingi kuliko matete, hasa matete yakishakomaa na kuwa magumu. Ila huanza polepole mno, kwa hiyo palilia mapema na usikubali nyasi ziizibie jua. Mbolea ya urea nayo ipunguze, maana huyapa matete nguvu ya kuifunika. Ukivuna, usikate hadi chini kabisa.

Kujua kama desmodiamu inanasa nitrojeni ya hewani, chimbua mche mmoja taratibu (ukiung'oa kwa nguvu vinundu vya mizizini vinabaki udongoni), kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, bakteria wanaonasa nitrojeni wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi.