Namna ya kupima biashara ya avenyu yenu sawa vile fundi anapima kuranti

Bandugu, kuko kitu mi nafanya tangu muda na watu wa Katuba, hapa Lubumbashi, wananiuliza kila mara nakifanya namna gani, basi leo naandika yote mara moja. Mi ni fundi wa kuranti, kazi yangu ni kuvuta waya, kutengeneza kompteri (mita inayohesabu kuranti), kuangalia kama kabini, ile inagawa kuranti mu mtaa, inalemewa. Mama yangu mdogo anauzisha unga mu soko ya Kenya (ile komini ya Lubumbashi, haiko inchi), na siku moja alinifungulia kaye yake (daftari) akaniuliza: "Papa, makuta inapita mu mikono yangu kutoka asubui, mbona magaribi sioni kitu?" Ile swali ilinishika juu iko swali ya fundi kabisa. Mteja akikwambia kuranti inaingia lakini taa haiwake, haukisie, unatoa multimetri, kile chombo cha kupima kuranti.

Na haiko wazo ya kuokota njiani. Bill Phillips, mtu wa New Zealand aliyesomea umeme, mu 1949 pale London alionyesha mashini yake inaitwa MONIAC, matanki na mabomba ya plastiki ambamo maji ya rangi inapita sawa vile makuta inapita mu inchi: mishahara, kodi, akiba, vitu vya kutoka inje. Ukifungua bomba ya kodi unaona kwa macho tanki gani inashuka. Yeye alitaka kuonyesha inchi nzima, sisi tunaanza na avenyu moja, meza kumi, mwezi moja. Unahitaji kaye, kalamu, simu ya kuhesabu, na bamama wanaokuamini, na hiyo ya mwisho njo ngumu.

Mbele ya yote ujue unapima nini. Ampea ni mwendo, ni kiasi gani inapita kila sekonde. Chaji ya betri ni kitu kingine, iko pale imelala. Mu biashara, makuta iliyo mu kisanduku ni chaji, makuta inayopita kwa siku ni ampea, na watu wanachanganya hizi mbili kila siku ya Mungu. Mama mwenye kisanduku tupu anaweza kuwa njo mwenye biashara kubwa kuliko wote mu avenyu, juu kila falanga ikiingia inatoka mara moja kununua gunia ingine, na papa mwenye dola 500 chini ya kitanda anaweza kuwa hajauzisha kitu tangu Noeli. Basi kila namba unayoandika, andika na muda wake: kwa saa, kwa siku, kwa mwezi. Namba bila muda uifute.

Tena chagua kipimo kimoja. Huku kwetu vitu vikubwa vinahesabiwa mu dola, vidogo mu falanga, na bei ya dola ku kambista (mwenye kubadilisha makuta) inatembea. Fundi hawezi kupima waya moja na multimetri iko ku DC (kuranti ya betri) na ya pili iko ku AC (kuranti ya nyumba) kisha ajumlishe. Kila asubui andika dola moja ni falanga ngapi siku ile, kisha geuza yote mu falanga. Na juu bei yenyewe inapanda, andika pia vitu: magunia ngapi, makopo ngapi. Makuta ikiongezeka na magunia yanabaki pale pale, biashara haikukua, ni bei tu imepanda.

Sasa unaweka kipimo wapi? Hapa ninakaa kidogo juu njo penye watu wanakosea. Ampermetri ya kawaida unakata waya unaiingiza katikati, kuranti yote inapita ndani yake. Mu biashara hiyo ni kukaa na mama kutoka asubui mpaka magaribi ukiandika kila makuta inayoingia na kutoka. Ni namba nzuri sana lakini unamuchosha, na wateja wakiona kijana na kaye wanafikiri ni mtu wa kodi, wanaenda meza ingine. Kipimo kinaharibisha kitu unachopima. Njo maana mafundi tuko na pensi, ile unafunga inje ya waya bila kukata kitu. Pensi ya soko ni magunia matupu. Magaribi unapita, unahesabu magunia yaliyoisha, unajua kopo ni falanga ngapi na gunia inatoa makopo ngapi, umemaliza, mama hajapoteza hata mteja moja. Kwa mwenye mikate unahesabu mabasani, kwa mwenye makala ya kupikia mifuko, kwa mwenye bia chupa tupu.

Lakini pensi iko na sheria yake: funga waya moja tu. Ukifunga fazi na netri pamoja inakuonyesha ziro, hata kama ampea 20 zinapita pale, juu kuranti inayoenda na inayorudia zinafutana. Mama yangu mdogo alikuwa anafanya hivyo bila kujua. Alikuwa anaangalia kisanduku magaribi tu, yaani iliyoingia ukitoa iliyotoka, anakuta karibu ziro, anasema biashara imekufa. Biashara haikukufa, alifunga pensi ku waya mbili. Pima kwanza inayoingia peke yake, kisha inayotoka peke yake, mu kurasa mbili tofauti.

Ile ziro nayo iko na kazi yake, usiitupe. Dijontera ya diferansieli inatumika hivyo hivyo: inalinganisha inayoenda na inayorudia, na ikiona tofauti ya miliampea 30 inakata, juu kuranti imepata njia ingine, pengine mwili wa mtu. Gustav Kirchhoff aliandika sheria yake mu 1845, alikuwa angali mwanafunzi, mwenye miaka 21: penye waya zinakutana, inayoingia yote ni sawa na inayotoka yote. Meza ya soko ni pale waya zinakutana. Tuseme kwa kuhesabu magunia umepata mama ameuzisha vitu vya falanga 200 000. Amenunua unga mupya 150 000, transpo 8 000, tikiti ya soko 2 000, chakula ya nyumba 20 000, likelemba (mchango wa zamu) 10 000. Jumla 190 000. Mu kisanduku imeongezeka 3 000. Basi 7 000 iko wapi? Usimushtaki mutu, usiseme kijana wa meza ameiba. Kwetu mara mingi ni matabishi, ile konzi ya unga mama anaongezea mteja juu ya kopo, na deni ambazo hakuandika. Anza kupima matabishi siku tatu tu, kwa kopo, utaona. Mama yangu mdogo hakuacha kupatia watu matabishi, na alikuwa na haki juu njo inarudisha wateja, lakini sasa anaijua na anaiweka mu bei.

Mpaka hapa ni meza moja. Ukitaka kujua avenyu nzima, kishawishi ni kujumlisha mauzo ya meza zote, na hapo njo unaanguka. Fundi anajua kVA haiko sawa na kW. Kuko pwisansi (nguvu) yote inayopita mu waya, hiyo ni kVA, na kuko ile inayofanya kazi kweli, hiyo ni kW, na kati yao kuko reaktivi, inayoenda na kurudi bila kusukuma kitu. Makuta ni vile vile. Tuseme mkulima anauzisha gunia ya mahindi 40 000, mwenye mashini ya kusaga anainunua, anaisaga, anaipatia mama kwa 55 000, mama anauzisha kopo kwa kopo anapata 65 000. Ukijumlisha mauzo unapata 160 000. Lakini kitu iliyofika ku nyumba za watu ni unga ya 65 000 basi. Kazi ya kila mtu ni kile alichoongeza: 40 000, kisha 15 000, kisha 10 000, na jumla inarudi 65 000 (mbegu na mbolea ya mkulima naziacha kwanza). Wenye kuhesabu uchumi wa inchi wanafanya hivyo, wanajumlisha kilichoongezwa, hawajumlishe mauzo. Gawa 65 kwa 160 unapata 0,41 hivi, mi naiita kosini fi ya avenyu, juu kosini fi kwa fundi ni kW ukigawa kwa kVA. Mfano haulingane kabisa na umeme, juu mahindi hayarudi kwa mkulima, lakini unakulinda usihesabu gunia moja mara tatu.

Namba za kambista njo zinadanganya kuliko zote. Kwa siku dola nyingi zinapita mu mikono yake kuliko avenyu nzima, ukiziandika zote utasema yeye ni tajiri wa Lubumbashi. Andika tu tofauti ya bei anayonunulia na bei anayouzishia. Likelemba vile vile: kumi wanatoa, moja anabeba, mwezi ujao ni mwingine, hakuna kitu kimezaliwa pale, basi haiingie mu jumla. Lakini usiseme ni bure! Motere ya kawaida bila reaktivi haizunguke, iko na lazima ya ile sumaku ndani yake, na bamama wengi gunia yao ya kwanza ilitoka mu likelemba. Iweke ku ukurasa wake.

Sasa saa za kupima. Hapa mi mwenyewe nilikosea na ilinipotezea miezi miwili. Nilikuwa napita soko kila siku ya posho (samedi), juu njo siku yangu ya kupumzika, nikazidisha mara siku sita, nikasema avenyu inatumika sana. Kumbe posho ni siku kubwa ya soko. Ukipiga picha feni inayozunguka, kila mara panga ikiwa pahali pamoja, utaapa feni imesimama. Sheria ya vipimo ni kwamba kitu kinachorudia, lazima ukipime zaidi ya mara mbili mu kila duru yake. Soko linarudia kila siku (asubui na magaribi), kila juma, kila mwezi juu ya mishahara, na kila mwaka: mahindi yakivunwa bei ya unga inalegea, na mu miezi ya mvua mbele ya mavuno inapanda, hata ile inayoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Basi pima siku zote za juma, walau mwezi nzima, na siku zingine badilisha saa. Mwezi moja hautoshe kusema kitu juu ya mwaka, usijaribu.

Namba za kila siku zitaruka ruka. Chukua siku saba, jumlisha, gawa kwa saba, kesho toa ya zamani weka mupya: hiyo ni filtri, inanyoosha mawimbi. Lakini ujue filtri inachelewa, hii ya siku saba inachelewa siku tatu hivi, kwa hiyo barabara ikifungwa leo, mstari wako utaanza kushuka pole pole na watu watakuwa wameshalia.

Chora pia saa kwa saa angalau siku mbili tatu. Tuseme kwa masaa 12 mama anapata 240 000, ni 20 000 kwa saa, na saa yake kubwa ni 60 000. Gawa 20 kwa 60, ni 0,33. Kabini yenye namba ya hivi tunasema ilinunuliwa kubwa kwa ajili ya saa moja. Kwa mama inamaanisha msaidizi wa pili anahitajiwa ile saa tu, haiko kutwa nzima.

Mwisho kuko wanaouliza kwa nini tusisome kompteri tu, kuranti ikiongezeka uchumi umeongezeka. Iko na ukweli ndani. Li Keqiang, mu 2007 alipokuwa anaongoza jimbo la Liaoning kule China, alisema anaangalia umeme unaotumiwa, mizigo ya treni na mikopo ya banki kuliko zile namba za uchumi zinazotangazwa. Na mu 2012 Henderson, Storeygard na Weil walionyesha taa za usiku zinazoonekana na satelaiti zinaweza kusaidia kupima uchumi wa inchi zenye takwimu zaifu. Lakini mu Katanga angalia sana. Laini ya kuranti kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilometa 1 700 hivi, iliyomalizika mu 1982, ilijengwa kwa ajili ya shaba. Ukijumlisha kuranti ya jimbo nzima unapima mashimo ya shaba na viwanda vyake, meza ya mama haionekane hata kidogo. Na siku ya delestaje, kuranti ikikatwa, kompteri inasimama lakini gurupu (jenereta) inawaka, makala inaingia, mwenye saluni anapanga wateja usiku. Kompteri inasema kuranti iliyopatikana, haiseme ile watu walihitaji.

Penye kompteri inanisaidia ni ku mashini ya kusaga, peke yake ku laini yake. Soma kompteri, wasage magunia 10, soma tena. Tuseme imekula kWh 30, basi gunia ni kWh 3. Juma likiisha imekula 420, ni kama magunia 140, na haukuuliza mtu siri yake. Uwashe pia mashini bila mahindi dakika kumi uone inakula ngapi bure, utoe hiyo. Rudia kipimo kila mwezi juu nyundo zinachakaa, na mahindi yenye maji yanakula kuranti mingi kuliko yaliyokauka. Siku za gurupu, hesabu lita za mazutu kwa njia ile ile.

Mwezi ukiisha, rudi kwa kila mama na ukurasa wake, umusomee namba zake yeye tu, za jirani usitaje hata akikubembeleza. Ile ya avenyu nzima unaweza kuonyesha wote, bila majina. Kisha ununue kaye ingine, mwezi wa pili uanze siku ya kazi ya kwanza, saa ile mikokoteni inafika na unga.