Somo: Mabaki ya kitenge yawe kishikio cha sufuria

Gunia langu la mabaki lilijaa Ramadhani, tuliposhona gomesi (magauni marefu ya kina mama wa Uganda) na vitenge vya Idi usiku kucha, hadi likaanza kuzuia pedeli ya cherehani. Tulipunguze.

Hatua ya 1: Tenganisha. Hapa usiruke. Kishikio kinataka pamba tupu. Gomesi nyingi zinazong'aa ni poliesta, na hata kitenge cha bei ya chini siku hizi kinaweza kuwa poliesta, kwa hiyo jicho peke yake litakudanganya. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani ya maji, uwashe kiberiti. Pamba huwaka na kunuka kama karatasi, majivu yake laini yanapeperuka. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kipunje kigumu. Ukiona kipunje, weka kando.

Mimi nilijua haya nikayapuuza. Kishikio changu cha kwanza kilikuwa cha mabaki ya gomesi, kinameremeta utadhani cha bibi harusi. Nilipoteremsha matoke, ncha yake iligusa mkaa wa sigiri, ikayeyuka na kunata kidoleni. Alama ninayo.

Hatua ya 2: Fua, anika, piga pasi. Kitenge kipya hurudi kikifuliwa, na kikirudi baada ya kushonwa kishikio kitajikunja.

Hatua ya 3: Kata kipande cha boksi sentimita 8 kwa 8, ukitumie kama kipimo. Kata miraba 9.

Hatua ya 4: Unga mitatu mitatu, nyuso zikitazamana, mshono sentimita 1. Lalisha mishono ya mstari wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, ndipo uunge mistari, makutano hayatavimba. Utapata mraba wa sentimita 20.

Hatua ya 5: Chini weka kitambaa cha mgongo, juu yake taulo kuukuu la pamba mikunjo miwili, juu kabisa miraba yako. Sponji hapana, nayo huyeyuka. Shona kutoka pembe hadi pembe kwa sindano namba 16 na mshono mrefu.

Hatua ya 6: Zungushia ukingo utepe wa upana wa sentimita 5, urefu sentimita 100. Kitakachobaki kiwe kitanzi cha kutundikia.

MASWALI

Nalongo, Mbale: Sina cherehani. Mkono utaweza?

Utaweza, Nalongo. Tumia uzi mara mbili, na kila hatua ya sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Kwenye taulo chukua sindano ya blanketi, la sivyo utavunja tatu.

Mwanafunzi wa ushonaji, Arua: Kitenge chekundu kimechujia cheupe. Niweke chumvi?

Chumvi haitashika rangi iliyokwisha kuchapwa kiwandani. Loweka kila chekundu peke yake kwenye maji baridi. Kama maji ya tatu bado yana rangi, kipande hicho ni cha kufutia miguu mlangoni.

Hajati, Bombo: Na yale ya poliesta tuyatupe?

Hasha, Hajati. Vika mipira ya nywele ya mabinti, au kata vipande virefu usuke mkeka wa chini, vipande vitatu vitatu kama nywele. Vilivyo vidogo kuliko kiganja vikatekate ujazie mto, ila mto huo utakuwa mzito; mimi nauweka kwenye kiti, si chini ya kichwa.

Mama Shamim, Kampala: Gunia langu halijai. Niombe wapi?

Pita Kiyembe, mtaa wa vitambaa na mafundi hapo Kampala, jioni kabla mafundi hawajafagia, na uende na mfuko wako. Uliza kwanza, dada, maana wengine wana wajaza mito wao wanaokuja kuyachukua. Nami nimeshafukuzwa kibaraza kimoja kwa kuinama bila kuuliza.